Kadi ya kazi: Hati inayomlinda fundi kabla mtambo haujafunguliwa

MALI bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Katika viwanda methali hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa kinachoweza kupotea pamoja na mali ni kidole, mkono au uhai wa fundi aliyetumwa kukarabati mtambo ambao hakuna aliyehakikisha umezimwa.

Ajali ya matengenezo hutokea wakati spana iko mkononi, lakini mara nyingi chanzo chake ni cha saa au siku kadhaa kabla: ombi lililoandikwa kwa maneno mawili, kipuri kilichochukuliwa kwa kukisia, au sahihi iliyotiwa na mkubwa asiyefika penye mtambo. Makala haya yanaeleza jinsi hati ya kazi ya matengenezo inavyoandaliwa na kuidhinishwa kabla ya kutekelezwa, na maswali ambayo kila anayeitia sahihi anapaswa kujiuliza.

Hati ya kazi ni nini?

Hati ya kazi, ambayo mafundi wengi huiita kadi ya kazi, ni agizo la maandishi linalompa fundi mamlaka ya kushughulikia mtambo uliotajwa, kwa kazi iliyotajwa, katika muda uliotajwa. Huonyesha aliyeomba kazi, aliyeipanga, aliyeiidhinisha na atakayeifanya.

Ifahamike kwamba kuna hati tatu ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni ombi la kazi, ambalo mtu yeyote anayeendesha mtambo anaweza kuliandika anapoona kasoro. Ya pili ni kadi ya kazi yenyewe, inayosema nini kitafanywa, na nani, kwa vifaa gani. Ya tatu ni kibali cha kazi, kinachothibitisha kwamba mahali pa kazi pamefanywa salama na kwamba fundi anaweza kuanza sasa hivi.

Kadi inaweza kukaa wiki kadhaa ikisubiri vipuri. Kibali, kwa upande wake, huwa na uhai mfupi, aghalabu wa zamu moja. Anayedhani kwamba kadi iliyoidhinishwa ofisini yatosha kumruhusu kufungua mtambo amechanganya idhini ya kufanya kazi na uthibitisho wa usalama.

Ombi lililo wazi

Kadi njema huzaliwa na ombi lililoandikwa vyema. Tuchukue mfano wa kiwanda cha majani chai, ambapo mvuke wa boila hupasha moto hewa ya kukaushia chai. Boila hulishwa maji na pampu, na kwa kawaida huwapo mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa ya akiba.

Mwendeshaji wa zamu ya usiku akiandika "pampu mbovu", fundi wa asubuhi hajui ni pampu ipi wala ina kasoro gani. Lakini akiandika kwamba pampu ya pili inatoa mlio wa kukwaruza upande wa mota tangu saa saba usiku, kwamba beringi imepata moto kiasi cha kutoshikika, na kwamba hakuna maji yanayovuja, tayari amelifanya nusu ya kazi ya mpangaji.

Siri ya ombi zuri ni kuandika kilichoonekana, kilichosikika na kilichoguswa, badala ya kubashiri ugonjwa. Mwendeshaji anayeandika "badilisha beringi" anaweza kusababisha beringi nzima ing'olewe ilhali tatizo ni bolti za msingi zilizolegea. Aidha, kila mtambo hauna budi kuwa na nambari iliyopakwa rangi mahali paonekanapo, na nambari hiyo ndiyo iandikwe kwenye ombi. Pampu mbili zinazofanana zikikaa ubavu kwa ubavu, nambari ndiyo huzuia fundi kufungua ile inayozunguka.

Kupima uzito wa kazi

Kila asubuhi msimamizi wa matengenezo huyapitia maombi yaliyoletwa. Huondoa yanayorudiwa, hurudisha yasiyoeleweka, kisha hupanga yaliyosalia kwa uzito. Maswali mawili humtosha: kasoro hii ikiachwa itazaa madhara gani, na itayazaa lini?

Kasoro inayohatarisha maisha hutangulia, hata kama haipunguzi uzalishaji hata kidogo. Kizuizi kilichong'oka kwenye mkanda wa mota hakimchelewishi mtu, na hiyo ndiyo sababu husahaulika hadi kinapomnasa mtu nguo. Hufuata kasoro zinazotishia kusimamisha kiwanda, kisha zile ambazo zaweza kungoja hadi mtambo uzimwe kwa ratiba.

Desturi ya kuandika "dharura" juu ya kila ombi ni maradhi yaliyozoeleka. Pale ambapo kila jambo ni la dharura, mafundi huishia kumsikiliza anayepiga kelele zaidi, na kazi iliyo na hatari ya kweli husukumwa nyuma.

Katika viwanda vya chai uzito huo hupimwa pia kwa kalenda. Majani mabichi hufurika wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, na yakishachumwa hayasubiri. Ndiyo maana matengenezo makubwa hupangwa miezi ya mavuno haba, kama Januari na Februari za kiangazi au Julai ya baridi. Kadi za kazi hizo huandaliwa mapema, vipuri vikiwa vimekwisha kuagizwa, ili siku ya kuzima mitambo isigeuke siku ya kutafuta beringi mjini.

Kuandaa kadi

Kanuni ya kwanza ya mpangaji ni kufika mahali. Kadi iliyoandikwa mezani haioni kwamba ngazi haifiki, kwamba juu ya pampu umepita mfereji wa mvuke, au kwamba nati zimeliwa na kutu na zitahitaji kukatwa kwa moto.

Akiwa pale, mpangaji hueleza mipaka ya kazi. "Shughulikia pampu" ni agizo lisilo na mwisho. "Ondoa mota, badilisha beringi zote mbili za pampu nambari mbili, rudisha na ulinganishe mihimili" ni agizo linalomwonyesha fundi aanzie wapi na aishie wapi. Akikuta kasoro nyingine ndani, kadi humtaka asimame na kutoa habari, badala ya kuendelea kwa hiari yake.

Pili, huorodhesha hatari za kazi na namna ya kuzidhibiti. Kwa pampu yetu hatari si umeme pekee. Maji yaliyo upande wa boila ni ya moto tena yako chini ya shinikizo. Kati ya boila na pampu huwapo vali inayozuia maji kurudi nyuma, lakini vali ya aina hiyo huweza kuvuja, na haifai kutegemewa peke yake kumkinga fundi. Kadi basi itaje kila swichi itakayozimwa na kila vali itakayofungwa, kwa nambari yake, na mahali ambapo maji yaliyobaki yatamwagwa hadi shinikizo liishe. Kadi inayosema "zima mtambo" tu imemwachia fundi kazi ya kubahatisha.

Tatu, hutaja watu. Je, kazi inahitaji fundi umeme mwenye leseni? Je, yahitaji watu wawili kuinua mota? Nani atabaki akichunga pampu moja iliyosalia, ambayo sasa haina msaidizi?

Nne, hutaja vipuri kwa nambari zake kamili kutoka kwenye kitabu cha mtambo. Hapa pana funzo kutoka Uingereza. Juni 10, 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kuelekea Málaga kiling'oka angani. Rubani Tim Lancaster alivutwa nje nusu mwili, na wahudumu wakamshikilia hadi ndege ilipotua Southampton. Alinusurika.

Wachunguzi waligundua kwamba kioo kilikuwa kimebadilishwa kabla ya safari ile, na kwamba bolti 84 kati ya 90 zilizotumiwa zilikuwa nyembamba kuliko zilizohitajika. Meneja wa zamu aliyeifanya kazi mwenyewe alizichagua kwa kuzilinganisha na bolti kuukuu, badala ya kuthibitisha nambari kwenye orodha ya vipuri. Tofauti ilikuwa ndogo mno kwa macho. Hali kadhalika, taratibu za wakati ule hazikudai mtu wa pili aikague kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, mpangaji makini haandiki "bolti" wala "beringi" pekee. Huandika nambari, huhakikisha kwamba kipuri kipo ghalani, na hukitenga kwa jina la kadi hiyo kabla ya siku ya kazi. Pia hutaja ni hatua ipi lazima ikaguliwe na jicho la pili.

Ukarabati au mabadiliko?

Kabla kadi haijapelekwa kuidhinishwa, liko swali ambalo halifai kurukwa: je, kazi hii inaurudisha mtambo katika hali yake ya awali, au inaubadilisha?

Kubadilisha beringi kwa beringi ya nambari ile ile ni ukarabati. Kuweka mota yenye nguvu zaidi, kuunganisha bomba la kupitia kando, au kuondoa swichi ya usalama kwa sababu inazima mtambo mara kwa mara ni mabadiliko, na mabadiliko hayapitishwi kwa kadi ya kawaida. Huhitaji hesabu za mhandisi, michoro na idhini ya ngazi ya juu.

Mfano mchungu ni ule wa kiwanda cha kemikali cha Flixborough, nchini Uingereza. Machi 1974, tangi la tano katika msururu wa matangi sita lilipatikana na ufa. Liliondolewa, na bomba la muda likaungwa kati ya tangi la nne na la sita ili uzalishaji uendelee. Mchoro wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyepiga hesabu za nguvu ambazo bomba lile lingehimili, na wadhifa wa mhandisi mkuu wa mitambo ulikuwa wazi, kwani aliyeushikilia alikuwa ameondoka na mwingine hajaajiriwa. Juni 1 mwaka huo bomba lilipasuka, mvuke wa kemikali ukalipuka na watu 28 wakafariki.

Mafundi wa Flixborough hawakuwa wavivu. Walifanya kazi kwa bidii kuokoa uzalishaji. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kuitazama kazi ile kabla haijaanza na kusema: hili si ukarabati.

Sahihi inamaanisha nini?

Kadi iliyokamilika hupita mikononi mwa watu kadhaa, na kila sahihi ina maana yake. Msimamizi wa uzalishaji anapotia sahihi, anakubali kuutoa mtambo kwa muda uliotajwa. Mhandisi anathibitisha kwamba njia ya kazi ni sahihi na kwamba hatari zimeshughulikiwa. Mhasibu au meneja anakubali gharama. Sahihi ya mmoja haiwezi kusimama badala ya ya mwingine. Fedha kupitishwa hakumaanishi kwamba kazi ni salama.

Viwanda vingi huweka ngazi za idhini. Kazi ndogo zisizo na hatari, kama kupaka mafuta au kubadilisha taa, huidhinishwa na msimamizi wa zamu. Kazi za gharama kubwa, za boila, za umeme wa nguvu nyingi au za kuingia ndani ya tangi hupanda hadi kwa mhandisi mkuu. Utaratibu huu ni wa busara, kwa kuwa mkubwa anayeletewa kadi mia moja kwa siku hatazisoma, atazitia sahihi tu.

Mwenye kuidhinisha anapaswa kujiuliza maswali machache kabla ya kuinua kalamu. Je, mtambo umetajwa kwa nambari? Je, mipaka ya kazi inaeleweka kwa mtu ambaye hakuwapo kasoro ilipoonekana? Je, njia zote za nguvu zimeorodheshwa: umeme, mvuke, maji, hewa iliyobanwa, springi na vitu vizito vinavyoweza kuanguka? Je, vipuri vipo? Je, kuna kazi nyingine jirani inayoweza kugongana na hii? Je, mabadiliko yamefichwa ndani ya neno "ukarabati"? Jibu moja likikosekana, kadi irudishwe ilikotoka.

Hapana budi pia aliyeipanga kazi asiwe ndiye anayeiidhinisha. Mtu huliona kosa la mwenzake haraka kuliko lake. Vilevile, ile tabia ya kuacha kadi zikiwa zimetiwa sahihi tupu kwenye droo, ati zijazwe mkubwa akiwa safarini, inafuta maana nzima ya kuidhinisha. Afadhali mamlaka hayo akabidhiwe naibu kwa maandishi.

Kibali na kufuli

Kadi ikishaidhinishwa na siku ikawadia, kibali cha kazi hutolewa penye mtambo. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa kibali mfanyakazi anayeweza kukabiliwa na shughuli au mazingira hatari. Sheria hiyo inataja bayana matengenezo na ukarabati wa boila, kazi za gatini, maeneo yaliyobana na matengenezo ya nyaya za umeme, na inataka kibali kionyeshe tahadhari zinazohitajika.

Aidha, sheria hiyo inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari ya karibu, na mwajiri hapaswi kumtaka arudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Fundi anayekataa kufungua pampu kwa kuwa vali haijafungwa anatimiza sheria.

Kibali huenda sambamba na kufuli. Swichi ikishazimwa, kila fundi huifunga kwa kufuli yake na kuning'iniza kibao chenye jina lake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Kisha hujaribu kuwasha mtambo ili kuhakikisha kwamba kweli umekufa. Fyuzi iliyotolewa na kuwekwa kando ya swichi haitoshi, kwa sababu mpita njia mwenye nia njema huweza kuirudisha.

Madhara ya vibali visivyokutana yalidhihirika Julai 6, 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, mbali na pwani ya Scotland. Pale pia palikuwa na pampu mbili. Pampu A ilizimwa ili ikarabatiwe, na vali yake ya usalama ikaondolewa kwenda kukaguliwa chini ya kibali tofauti. Jioni ilipofika vali ilikuwa haijarudishwa, na mwanya wake ulikuwa umezibwa kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kuzuia gesi.

Usiku, yapata saa nne kasorobo, pampu B ilizimika. Watu wa zamu walijua kuhusu kibali cha ukarabati wa pampu A, ambao ulikuwa haujaanza, lakini habari za vali iliyoondolewa hazikuwafikia. Waliiwasha pampu A. Gesi ilivuja na kulipuka, na watu 167 wakafa, wawili kati yao wakiwa waokoaji. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 1990, ulitoa mapendekezo 106, yakiwamo ya kuimarisha utaratibu wa vibali.

Funzo kwa mpangaji wa kadi ni bayana. Kazi mbili za mtambo mmoja lazima zitajane kwenye hati zao. Na zamu inapobadilika, anayeondoka amkabidhi anayeingia kila kadi na kibali kilicho wazi, ana kwa ana, penye daftari.

Dharura ya usiku

Wapo watakaouliza: pampu ikifa saa nane usiku, majani yakiwa tayari kwenye vikaushio, nani atangoje sahihi tatu? Jibu ni kwamba dharura hupunguza karatasi, lakini haipunguzi hatua za usalama. Mhandisi wa zamu ya simu anaweza kuidhinisha kwa simu, jina lake na saa vikaandikwa na msimamizi, kisha akatia sahihi asubuhi. Gharama zaweza kupitishwa baadaye. Kufuli, vali na kibali havipitishwi baadaye.

Njia bora ni kuandaa mapema kadi za kazi zinazotarajiwa. Kiwanda kinachojua kwamba beringi za pampu hizo huisha kinaweza kuwa na kadi iliyokwisha kupangwa, yenye orodha ya vali, nambari za vipuri na hatua za kazi, ikisubiri tarehe na sahihi tu. Kadi hiyo husahihishwa kila inapotumika, na fundi aliyeona mlolongo wake una kasoro huandika alichokiona.

Karakana ndogo nazo?

Mwenye kinu cha kusaga unga au shule yenye jenereta moja huenda akadhani kwamba haya ni ya viwanda vikubwa. La hasha. Daftari la kurasa zilizopigwa mistari linatosha: tarehe, mtambo, kasoro iliyoonekana, kitakachofanywa, kitakachozimwa, kipuri, anayefanya na aliyekubali. Mkanda wa kinu unaokatika kila mwezi utajionyesha kwenye kurasa hizo, na mwenye kinu ataacha kununua mikanda na kuanza kutafuta chanzo.

Kufuli moja ya kufungia swichi ni bei ndogo ikilinganishwa na mkono wa kijana anayesafisha kinu huku mteja akibonyeza swichi akidhani umeme ulikuwa umepotea.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi kadi inayofuata, msimamizi na ashuke hadi penye mtambo akiwa nayo mkononi, asome hatua moja baada ya nyingine, na kuigusa kila vali na kila swichi iliyotajwa. Asipoipata mojawapo, kadi haijawa tayari, na fundi asitumwe.